Intouchables ama The Upside: ukiwa na watu mu salo, utie gani?

Kuko filme mbili zenye stori moja: tajiri mzungu, mwili wake haunyanyuki tena kutoka shingo kuteremka chini, anatafuta mtu wa kumtunza, anachukua kijana mweusi mwenye hakuja hata kutafuta kazi, alikuja paka kuomba sahihi ku karatasi ili aonyeshe serikali kwamba anatafuta. Moja ni ya Paris, Intouchables, ya 2011. Ingine ni ya New York, The Upside, rimeki yake, yenye iliingia mu sinema 2019. Hapa Lubumbashi zote mbili zinatembea ku flashi, na wikiendi haipiti bila mtu kuniandikia: yaya, nitie gani kwa familia, juu nasikia ile ya Amerika wakritiki waliichinja.

Kweli waliichinja. Ku Rotten Tomatoes, kule wanakusanya maoni ya wakritiki, The Upside haikufika hata nusu, na Intouchables iko karibu robo tatu. Ukisimama hapo basi umemaliza, unachukua ya Ufaransa unalala. Lakini ngoja. CinemaScore, wale wenye wanauliza watu wakitoka mu sinema siku filme inatoka, waliipa The Upside alama ya A. Wikiendi yake ya kwanza, mwezi wa kwanza 2019, ilikalia nafasi ya kwanza Marekani na dola milioni 20 hivi, ikaondosha Aquaman, na mwisho ikapita milioni 100 kule kwao. Sasa we utafuata nani? Wakritiki wanasema tupa, watu wenye walitoa makuta yao wanasema leta. Mi naona asilimia hazisaidii kitu hapa, chenye kinasaidia ni kusoma juu ya nini walikasirika, juu hasira ingine inakuhusu mu salo yako na ingine haikuhusu hata kidogo.

Mfano wa ile yenye haikuhusu: The Upside ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mwezi wa 9 2017, na mwezi wenye ulifuata skandali ya Harvey Weinstein, prodyuza mkubwa wa Hollywood mwenye wanawake wengi walimushitaki unyanyasaji wa kingono, ikapasuka, kampuni yake njo ilikuwa na filme, kampuni ikaanguka, filme ikabaki imelala mu kabati mpaka kampuni ingine, STX, wakaichukua. Halafu mwezi wa 12 2018, wiki chache mbele itoke, Kevin Hart, mwenye anacheza yule kijana mweusi wa New York, alichaguliwa kuongoza sherehe ya Oscar akajitoa juu ya maneno yake ya zamani ku Twitter. Basi waandishi walikaa kuiangalia na hayo yote mu kichwa. Sisemi walionea filme, mapungufu iko nayo na tutafika, lakini kama unaangalia na mama yako siku ya Mungu mchana, mambo ya Weinstein inakuingilia wapi?

Na kitu chenye watu wanasahau: ile ya Ufaransa nayo ilipigwa. Nchini kwao ilikuwa moto, tiketi zaidi ya milioni 19, mu filme za Kifaransa ni Bienvenue chez les Ch'tis ya 2008 tu njo iko mbele yake. Omar Sy, mwenye anacheza Driss, yule kijana mweusi wa Paris, alichukua César (tuzo kubwa ya sinema ya Ufaransa) ya akta bora 2012, mtu mweusi wa kwanza kuipata, na alimupita Jean Dujardin mwenye mwaka ule ule alibeba Oscar juu ya The Artist. Lakini mkritiki wa gazeti la Variety la Marekani aliandika maneno makali sana, kwa kifupi alisema Driss amefanywa mtu mweusi wa kuchezesha wazungu, anacheza dansi, anachekesha, anarudisha furaha mu nyumba ya bwana, mambo ya zamani za utumwa wakaipaka rangi mpya. Na upande mwingine kabisa, Jean-Marie Le Pen, mzee wa wale wenye hawapendi wageni Ufaransa, naye alikasirika, eti filme inaonyesha Ufaransa kama mlemavu mwenye anangojea kusaidiwa na vijana wa wahamiaji. Ona vile, mmoja anasema filme inadharau weusi, mwingine anasema inawatukuza sana, na ni filme moja, dakika zile zile.

Sasa hii kritiki ya Variety, mi nataka nikae nayo kidogo, juu kwetu haiko kritiki ya mbali. Hii ni mji wa Union Minière, ile kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji. Mu familia mingi za hapa kuko mzee mwenye alikuwa boyi ao mpishi kwa wazungu, kule upande wa mji wenye wa kwetu walikuwa wanaingia asubuhi na kutoka jioni. Mtu mwenye alikulia mu zile stori, ukimuonyesha kijana mweusi anamuvalisha mzungu masoksi, kuko kitu kinamukamata hapa ku roho mbele hajaanza kucheka. Nimeangalia Intouchables na watu wa umri tofauti, na kuko mama moja, dakika za kwanza kabisa, aliuliza: "Sasa huyu muzungu, banacheka naye ao banamucheka huyu wetu?" Mi mpaka leo sijasoma mkritiki mwenye aliuliza vizuri kuliko vile.

Jibu yangu: mu Intouchables kicheko kinaenda kwa pande zote mbili, na kwa hesabu yangu kinapiga zaidi matajiri. Ile sehemu ya opera, mtu amevaa kama mti anaimba Kijerumani, Driss anapasuka kicheko mu ukumbi mzima wa watu wenye heshima, pale anayechekwa haiko Driss, ni wale wote wenye wamelipa pesa mingi na wanajifanya wanaona kitu cha kawaida. Ao ile ya mchoro: Driss anapaka rangi yake ku turubai, hajui kitu ya ufundi, na Philippe, yule tajiri wake, anamuuzia rafiki yake tajiri ule mchoro kwa euro 11,000 kwa kumudanganya eti ni wa msanii mkubwa mwenye anainuka. Hapo tajiri anamula tajiri mwenzake na kijana wa banlieue, ile mitaa ya maskini pembeni ya Paris, anapata makuta. Hii ni aina ya kicheko yenye watu wa hapa wanaijua tangu zamani, wale wenye walifuata michezo ya Mufwankolo, mchekeshaji wetu wa Lubumbashi, ku radio na televizio wanajua vile mdogo anaingia mu nyumba ya mkubwa na mdomo wake tu na mkubwa anabaki bila nguo.

Lakini Variety hawakudanganya yote. Ile dansi ya Boogie Wonderland siku ya anniversaire ya Philippe, Driss anacheza peke yake katikati ya wageni wazungu na wafanyakazi wa nyumba, na wote wanaanza kuchangamka juu yake... ukiisha kusoma ile kritiki hauwezi tena kuiangalia bila kuifikiria. Inachekesha, Omar Sy ana mwili wenye unacheka wenyewe, lakini swali inabaki. Na maisha ya Driss mwenyewe yanapita mbio. Kuko dakika chache tu anaeleza vile alitolewa Senegal akiwa mtoto, baba mdogo na mke wake hawakuwa na watoto wakamuchukua, halafu wakaanza kuzaa. Mtu wa hapa anaelewa ile stori nzima mu sentensi mbili, maana kila parsele iko na mtoto wa vile, lakini filme inaitaja, inarudi haraka kwa mzungu.

Njo hapo rimeki inaingia na kusema: sawa, tumesikia, tutatengeneza.

Na walitengeneza kweli. Neil Burger, mwenye aliiongoza, na mwandishi wake, walimupa Dell (njo Driss wa New York, Kevin Hart) mtoto, mama ya mtoto mwenye hamuamini tena, kesi za zamani, ndoto za kufanya biashara. Ona tofauti ya kitu chenye anaiba siku ya kwanza: Driss anaiba yai la Fabergé, kitu cha mapambo, anampelekea mama mdogo na yule mama anamufukuza nayo. Dell anaiba kitabu cha zamani cha bei kali anampa mtoto wake kama zawadi, na sasa kukirudisha kunamaanisha kumnyang'anya mtoto. Ku karatasi hii ya pili iko na uzito zaidi. Ku televizio, sijui niseme vipi, kila kitu kinaelezwa, kila mtu anatoa hotuba ndogo ya kusema anasikia nini ku roho, na komedi ikianza kujieleza inachoka. Wakritiki wengi waliandika ile ile kwa namna zao: unajua kila kitu kitatokea mbele kitokee. Ni kweli, unajua. Lakini unajua pia mu Intouchables! Tofauti ni mwendo, Wafaransa wanapita mbele haujamaliza kufikiri.

Sehemu ya kumtunza mgonjwa njo inaonyesha wazi zaidi. Kazi ya kumtunza mtu wa vile inakuwa na mambo ya choo, haiko siri. Mu Intouchables Driss anaelezwa ile kazi na yule mama mwenye anamfundisha, anakataa, anasema mi sitafanya, wanabishana, na kicheko kinatoka ku kubishana. Mu The Upside walichukua kateta, ule mpira wa kutolea mkojo, wakaifanya sehemu ndefu ya Kevin Hart kupiga kelele na kukunja uso. Kuko wakritiki wenye walichoka pale pale na mi nilichoka nao. Lakini niseme ukweli wote: watoto wa miaka 12, 13, pale njo wanacheka mpaka wanaanguka, kwa hiyo kama salo yako imejaa wale, hii yenye mi naita kosa kwako inaweza kuwa sababu ya kuichagua.

Upande wa waakta. François Cluzet (tajiri wa Paris) na Bryan Cranston (tajiri wa New York) wote wawili wanacheza na uso tu, mwili umefungwa, na sioni mkubwa wa kupita mwenzake, Cluzet ana macho ya uchokozi, Cranston ana hasira ya chini chini yenye inafanya Phillip wake awe mtu wa kweli zaidi kuliko senario yenyewe. Hata wale wenye waliichinja filme, wengi walisema Cranston na Hart wanaendana. Kevin Hart hapa amepunguza kelele (isipokuwa ile kateta), na watu wenye hawamupendi mu filme zake zingine nawashauri wajaribu. Nicole Kidman wamemuweka awe katibu wa tajiri na wamemupa kazi kidogo mno kwa mtu wa jina lake, mu ile ya Ufaransa Yvonne, msimamizi wa nyumba ya tajiri, mwenye anachezwa na Anne Le Ny, iko na dakika chache lakini kila moja inachekesha.

Na kuko swali ya mwanamke wa barua. Mu zote mbili tajiri anaandikiana na mwanamke mwenye hajawahi kumuona. Sitakuharibia, lakini njia zinaachana hapo: Wafaransa wanakuletea tamu, Wamarekani wanakuletea chakula cha usiku mu restora chenye kinaharibika polepole, mwanamke anachezwa na Julianna Margulies, na kwangu hii njo sehemu moja yenye rimeki imepita orijinali mbali sana. Hakuna mtu mbaya pale, kuko watu wawili wenye walifikiri watawezana. Siku hizi kama nataka kumuonyesha mtu kwamba The Upside haiko takataka, namuonyesha paka ile.

Kritiki ingine yenye ilikamata zaidi rimeki ni ya walemavu wenyewe: juu ya nini mtu mwenye anatembea anapewa tena kazi ya kucheza mtu wa kiti cha magurudumu? Cranston alijibu kwamba ilikuwa uamuzi wa biashara, jibu ya ukweli lakini haikutuliza mtu. Cluzet naye anatembea vizuri tu, lakini 2011 hii kelele ilikuwa bado ndogo, 2019 ilikuwa imekua. Hapo rimeki ililipa deni ya wakati wake. Na kumbuka stori yenyewe ni ya watu wa kweli: Philippe Pozzo di Borgo alianguka na parapenti (ule mwavuli wa kuruka nao mu hewa) 1993, na mwenye alimutunza ni Abdel Sellou, mtu wa asili ya Algeria, haiko Senegal, Wafaransa walimugeuza juu ya Omar Sy. Mwisho wa Intouchables wanakuonyesha wale wawili wenyewe. Pozzo di Borgo alikufa 2023.

Basi uchague vipi. Kama mu salo kuko watu wazima wenye wanasikia Kifaransa vizuri, Intouchables, usifikiri mara mbili, na mukimaliza muache mubishane juu ya ile dansi. Musiiangalie na sauti ya lugha ingine, Omar Sy nusu yake ni vile anaongea. Kama kuko watoto wenye wanaanza kukua, ujue Marekani waliiweka Intouchables mu kundi la R, yaani chini ya miaka 17 lazima akae na mzazi, juu ya lugha na bangi, na The Upside waliipa PG-13, yaani wanaonya tu wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13. Bangi iko mu zote mbili, na mabinti wa kulipwa pia mu zote mbili, kwa hiyo mama wa kwaya asikuje akaniambia sikumuonya. Ile ya Amerika iko na maneno machache tu ya matusi. Kwa vijana wenye wanapanda sana ku mpaka wa Kasumbalesa na Zambia na wanasikia Kiingereza, The Upside inaenda vizuri sana, lakini ukiwatilia ile yenye wameingiza sauti ya Kifaransa, Kevin Hart anapotea kabisa, kasi ya mdomo wake njo kazi yake.

Na kama mu salo kuko baba mwenye amelea mtoto mbali, ao mwenye aliachana na mama ya watoto na anajaribu kurudi, mi ningemutilia The Upside bila kumwambia kitu. Ile ya mtoto na kitabu itamufikia. Wakritiki hawakuwa na yule baba mu kichwa walipokuwa wanaandika, na sio kosa lao.

Watu wengine wanadai rimeki ya komedi ya Kifaransa siku zote inakufa ikivuka bahari. Inakufa mara mingi, sawa. Le Dîner de cons ya 1998, ya Francis Veber, ile ya matajiri wanaalika mjinga ku chakula ili wamucheke: Jacques Villeret alipata César juu yake, na utamu mkubwa ni kwamba chakula chenyewe haukioni hata siku moja, watu wanabaki mu nyumba na mjinga anavunja maisha ya mwerevu kipande kwa kipande. Wamarekani 2010 na Dinner for Schmucks, Steve Carell na Paul Rudd, walikuonyesha chakula chenyewe, kirefu, na kelele yake yote, na wakritiki waligawanyika katikati. Hapa sina maneno mingi: chukua ya Ufaransa.

Lakini La Famille Bélier ya 2014 na CODA ya 2021, hapo mambo yanageuka. Stori moja, binti mwenye anasikia mu familia ya viziwi na anataka kuimba. Ile ya Ufaransa ilijaza sinema, milioni 7 na kitu za tiketi, Louane akapata César ya akta mpya, lakini viziwi wa kule walilalamika juu wale wazazi viziwi walichezwa na Karin Viard na François Damiens, watu wenye wanasikia. Sian Heder, mwenye aliongoza CODA, alichukua viziwi wa kweli, Troy Kotsur, Marlee Matlin, Daniel Durant, na mwezi wa 3 2022 filme ikabeba Oscar tatu, moja ya Kotsur na moja ile kubwa ya filme bora. Kwa hiyo ukiniuliza ya familia nzima bila kuogopa opera wala kateta, nitakuambia CODA, ingawa nayo iko na maneno ya kitanda yenye wazazi wanayasema na mikono na binti anaona haya kutafsiri, na salo nzima itaona haya pamoja naye.

Kitu cha mwisho ni cha kuran, yaani umeme, juu tunajua SNEL, kampuni yetu ya umeme, vile inakata. Intouchables iko saa moja na dakika 52 hivi, The Upside ni saa mbili na dakika 6, Le Dîner de cons ni saa moja na dakika 20 tu. Kama kwenu wanakata saa mbili usiku, anza na hesabu hiyo kwanza.